Altrasaundi ya nyonga na kinena: inapolipa, na inapokumalizia hela bure

Mtu akilalamika maumivu ya kinena au nyonga, siku hizi kipimo cha kwanza anachoandikiwa mara nyingi ni altrasaundi. Mashine zipo hadi miji midogo, hazina mionzi, majibu hutoka siku hiyohiyo, na bei yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya MRI, kile kipimo cha picha kwa sumaku. Sababu zote hizo ni za maana. Lakini huduma hii ina tabia moja ambayo mgonjwa aijue kabla hajafika dirisha la malipo: inategemea sana swali lililoandikwa kwenye fomu na mkono ulioshika probu, kile kichwa cha mashine kinachopakwa jeli na kupitishwa juu ya ngozi. Mgonjwa yuleyule, kwenye mashine ileile, anaweza kukutwa na ngiri leo na kesho akaandikiwa "hakuna tatizo", kwa sababu leo alisimamishwa akaambiwa akaze tumbo, na kesho aliachwa amelala chali kimya.

Kwa hiyo hatuipi huduma hii alama moja. Kwa baadhi ya maswali inastahili nyota tano, kwa mengine nyota moja ni nyingi.

Onyesha kwa kidole kimoja

Neno "nyonga" tunalitumia kwa mapana mno. Mmoja akilisema anagusa mkunjo wa paja kwa mbele, mwingine anashika ubavu wa nje pale anapolalia, mwingine anapapasa tako, mwingine ana maana ya kiuno. Kwa mpimaji hayo ni maeneo manne tofauti, na kila moja lina mlalo wake na probu yake.

Kiungo chenyewe cha nyonga kikiumwa, maumivu huja mbele, kinenani, na aghalabu hushuka pajani hadi gotini. Maumivu ya upande wa nje, juu ya ile nundu ya mfupa unayoigusa ukishusha mkono ubavuni, kwa kawaida ni ya kano, yaani kamba zinazoshikiza msuli kwenye mfupa, za misuli ya tako. Yanayokupata ukikaa kwenye kiti kigumu yanaelekea kwenye mfupa wa kukalia, ambako kano za misuli ya nyuma ya paja zimejishika. Yale yanayoanzia kiunoni na kuteremka nyuma ya mguu hadi chini ya goti mengi ni ya uti wa mgongo, na hapo altrasaundi ya nyonga haina la kusema. Jiwe la figo nalo hurusha maumivu kinenani, na mirija ya uzazi na ovari hufanya hivyohivyo.

Fomu iliyoandikwa "altrasaundi ya nyonga" na basi ni ombi dhaifu. Ombi lenye uzito linasomeka hivi: "Mwanamke, miaka 52, maumivu upande wa nje wa nyonga ya kulia kwa miezi 4, hawezi kulalia upande huo. Je, kano za misuli ya tako zimechanika?" Kama daktari wako ameandika kwa mkato, mwambie mpimaji mwenyewe, na uonyeshe panapouma kwa kidole kimoja, si kwa kiganja kizima.

Chumba, probu na khanga

Unapoulizia miadi, uliza kama wana probu bapa. Ile ya tumbo, yenye uso uliobinuka, wanayopimiwa wajawazito, hutoa mawimbi ya chini, kama MHz 2 hadi 5. Inaona mbali, ila vitu vidogo huvionyesha kama vimefunikwa na ukungu. Ile bapa, yenye uso ulionyooka kama kipande cha rula cha sentimita 4 au 5, hutoa kati ya MHz 7 na 15, na ndiyo inayoonyesha nyuzi za kano. Kinena na kano vinataka hiyo bapa. Kwa mtu mnene, kiungo cha nyonga kinaweza kuwa zaidi ya sentimita 6 chini ya ngozi, na hapo mpimaji anayejua kazi hubadilisha akachukua ile ya tumbo. Kituo chenye probu ya tumbo peke yake kitaona jipu kubwa, maji mengi kiungoni au ngiri kubwa. Kikikuandikia majibu ya kano, usiyategemee.

Huhitaji kufunga kula wala kujaza kibofu, isipokuwa umeambiwa kizazi kitaangaliwa pia. Vaa nguo pana na ubebe khanga au shuka yako, maana eneo la kuanzia chini ya kitovu hadi katikati ya paja litafunuliwa kwa zamu. Mgonjwa anayeona haya hujikunyata, misuli ya tumbo na paja inakaza, na picha inaharibika; khanga ya kujisitiri sehemu isiyopimwa inasaidia kipimo chenyewe. Una haki ya kuomba mpimaji wa jinsia yako au mtu wa kukusindikiza ndani. Beba eksirei na majibu yote ya nyuma. Kipimo cha uhakika, cha pande zote mbili kwa kulinganisha, huchukua dakika 20 hadi 30. Ukiambiwa uvae nguo baada ya dakika 5 bila kusimamishwa, kukunjwa mguu wala kukaza tumbo, ulichopata ni nusu ya huduma.

Kuna kosa moja la kiufundi linalozaa magonjwa ya uongo kila siku, na kila anayelipia kipimo hiki anapaswa kulifahamu. Kano ni mtungo wa nyuzi zilizolala sambamba. Wimbi likizigonga wima hurudi kwenye probu na kano hung'aa nyeupe. Probu ikiinama hata kidogo, wimbi linakwenda kando, na kano ileile inageuka nyeusi kama iliyochanika. Kano ya msuli wa iliopsoasi, inayopita mbele ya nyonga kisha ikazama kuelekea ndani ya paja, inawadanganya wengi namna hiyo. Tiba ni kuichezesha probu: kuikandamiza upande mmoja, kisha wa pili, halafu kuigeuza ili kano ionekane kwa urefu na kwa upana. Doa jeusi likifutika, lilikuwa la pembe tu. Likibaki kwenye pembe zote mbili, na upande wa pili wa mwili halipo, hapo kuna jambo.

Ngiri: nyota tano, kwa sharti

Uvimbe unaotokeza kinenani ukisimama na kurudi ndani ukilala, ambao daktari ameuona na kuushika kwa mkono wake, hauhitaji altrasaundi. Hiyo ni ngiri. Kinachofuata ni daktari wa upasuaji, na hela ya kipimo heri uiweke kwa ajili ya safari hiyo. Altrasaundi inalipa pale maumivu yapo na uvimbe hauonekani, au uvimbe upo na haueleweki, au mgonjwa ni mwanamke, au ni mnene, au alishafanyiwa upasuaji na maumivu yamerejea.

Na lisemwe wazi, neno "ngiri" mtaani limebebeshwa mizigo isiyo yake. Kiuno kikiuma ni ngiri, nguvu za kiume zikipungua ni ngiri, tumbo likiunguruma ni ngiri, na kwa kila moja kuna chupa ya dawa inayouzwa. Ngiri ya kinena ni tundu: mahali dhaifu kwenye ukuta wa tumbo ambapo mafuta au utumbo unapenya. Hakuna mzizi wala unga unaoziba tundu hilo, na mwenye maumivu ya kiungo cha nyonga anayekunywa dawa ya ngiri mwaka mzima anapoteza mwaka wa matibabu.

Kipimo chenyewe kinakwenda hivi. Mgonjwa analala chali. Probu bapa inawekwa kwa upana juu ya mkunjo wa paja, na kwanza inatafutwa ateri ya paja, ile inayodunda. Kando yake, upande wa ndani, iko vena. Kisha probu inapandishwa polepole kupita ligamenti ya kinena, ule ukanda mgumu ulio kwenye mkunjo wa paja, mpaka ionekane ateri ndogo ikichipuka kutoka kwenye ateri kubwa na kupanda kuelekea kitovuni nyuma ya msuli wa tumbo. Hiyo ni ateri ya epigastriki ya chini, na ndiyo nguzo ya mpaka. Kinachotokea upande wake wa nje na kufuata mfereji wa kinena kuelekea kwenye korodani ni ngiri inayopitia mferejini. Kinachotokea upande wake wa ndani na kuijia probu usoni ni ngiri inayosukuma ukuta wenyewe. Halafu probu inateremshwa chini ya ligamenti, upande wa ndani wa vena ya paja, ambako hujificha ngiri ya paja.

Katika kila mojawapo ya sehemu hizo mgonjwa anaombwa akaze tumbo. Kukohoa kunasaidia, ila kunapita upesi mno na picha nzima inaruka. Kinachofaa zaidi ni kuvuta pumzi, kufunga mdomo, na kusukuma taratibu kama anayepuliza puto gumu, kwa sekunde 4 au 5, mara tatu au nne. Mpimaji makini huitazama vena ya paja wakati huo: mtu akisukuma kweli, vena inavimba na kuwa nene waziwazi. Ikibaki nyembamba, ama hajasukuma ipasavyo, ama kuna kitu kimejaza nafasi iliyo kando yake na kuibana, na hapo ngiri ya paja inatafutwa upya. Baada ya hapo mgonjwa anasimama na yote yanarudiwa. Ngiri nyingi zilizojificha hujitokeza mtu akisimama.

Makosa mawili huharibu hatua hii. La kwanza ni mkono mzito. Probu ikikandamizwa inaliziba lile tundu linalotafutwa. Jeli iwe nyingi, na probu ipite juu yake bila kuukandamiza mwili. La pili ni kuita kila mtelezo ngiri. Mafuta yaliyomo mferejini hutelezateleza kwa watu wengi wazima wanapokaza tumbo, bila ugonjwa wowote. Akiandikiwa "ngiri ndogo" kwa mtelezo huo, mtu anaweza kuishia kwenye meza ya upasuaji na kuamka na maumivu yaleyale, kwa kuwa chanzo kilikuwa kano ya paja au kiungo cha nyonga. Ripoti ya haki itaje upana wa tundu kwa milimita, kilichopenya ni mafuta au utumbo, kinarudi au hakirudi, na kama maumivu anayoyajua mgonjwa yaliamka pale probu ilipogusa.

Ngiri ya paja isichukuliwe kwa wepesi. Huwa ndogo, huwapata zaidi wanawake, na shingo yake nyembamba hukaba utumbo kwa urahisi. Na mwenye uvimbe uliogoma kurudi, mgumu, unaouma sana, pamoja na kutapika au kukosa choo na hewa, asipange foleni ya altrasaundi. Huyo ni wa dharura na upasuaji, saa hiyohiyo.

Mjamzito mwenye uvimbe laini kinenani apimwe kwa Dopla, altrasaundi inayoonyesha damu ikitembea, kabla neno ngiri halijatamkwa. Mishipa ya vena iliyotanuka kando ya ligamenti ya kizazi huiga ngiri kabisa, hadi kuongezeka akisimama. Dopla huionyesha ikijaa damu, na kwa kawaida hunywea baada ya kujifungua.

Busha, mtoki, jipu

Ukanda wa pwani ya Tanzania na Kenya umeishi na matende na mabusha kwa vizazi, kwa sababu ya minyoo ya filaria inayoenezwa na mbu. Hapo swali la kawaida ni kama uvimbe ni busha, ni ngiri, au ni vyote viwili. Altrasaundi hujibu kwa dakika chache. Busha ni maji, meusi kwenye kioo, yameizunguka korodani. Ngiri iliyoshuka ina mafuta, au utumbo unaojisokota na hewa inayometameta ndani yake. Mara nyingine, ndani ya mishipa ya limfu iliyotanuka, huonekana minyoo hai ikijipindapinda bila kutulia hata nukta moja. Wataalamu huita ngoma ya filaria. Ukiiona mara moja huwezi kuisahau.

Mtoki unaposhika kinena, probu iende na macho yaende mguuni: kidonda, funza, ufa wa kisigino. Tezi ya limfu iliyo salama ina umbo la haragwe na kiini cheupe cha mafuta katikati. Ikivimba kwa kidonda cha mguu hukua lakini hutunza umbo hilo. Ikiviringana kama gololi, kiini cheupe kikapotea, au tezi kadhaa zikagandana, picha haitoshi kusema ni kifua kikuu, ni saratani au ni kingine. Sampuli ichukuliwe, na probu iongoze sindano.

Jipu la psoasi linastahili tahadhari ya pekee. Kifua kikuu cha uti wa mgongo kinaweza kupeleka usaha ndani ya ala ya msuli wa psoasi, ukasafiri kutoka mgongoni hadi kinenani na kutokeza kama uvimbe laini usio na joto kali. Mpimaji akiufuata ule usaha kwenda juu, hatua kwa hatua hadi kiunoni, anakuwa amegundua ugonjwa wa mgongo kupitia kinena. Akiishia panapouma, itaandikwa "jipu la kinena", litapasuliwa na kufungwa bendeji, na uti wa mgongo utaendelea kuliwa.

Kano

Upande wa nje wa nyonga ni eneo ambalo altrasaundi inafanya kazi nzuri na majina bado yanawachanganya watu. Kwa miaka mingi maumivu ya pale yaliitwa uvimbe wa bursa, yaani kile kifuko chembamba cha majimaji kinachozuia msuguano, na mgonjwa alichomwa sindano ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe. Picha zimeonyesha kuwa kwa wengi, hasa wanawake wa miaka 40 hadi 60, tatizo ni kano za misuli ya tako, gluteasi midiasi na gluteasi minimasi, zilizochoka au kuchanika pale zinaposhika kwenye ile nundu. Bursa ikijaa maji mara nyingi imefuata tu. Tofauti hii inabadilisha matibabu: kano iliyochoka inahitaji mazoezi ya kuiimarisha kwa wiki nyingi, na mgonjwa kuacha kulalia upande huo au kukaa miguu ikiwa imepishana.

Hapa mgonjwa analalia ubavu usiouma, magoti yamekunjwa kidogo. Probu inaanza kwa upana ili nundu ionekane kama paa la nyumba lenye kilele. Mteremko wa mbele ni wa kano ya minimasi, mteremko wa pembeni ni wa midiasi, na nyuma zaidi ndipo ilipo bursa kubwa, chini ya gluteasi maksimasi. Ripoti isemayo "nyonga upande wa nje, bursa" bila kuzitaja kano hizi kwa majina haijakamilika.

Nyonga inayolia "ko!" ni mahali pengine ambapo altrasaundi inaishinda MRI, kwa kuwa inaona kitu kikitembea. Mlio wa mbele hutafutwa mgonjwa akikunja mguu na kuupanua nje kama chura, kisha kuunyoosha taratibu. Kano ya iliopsoasi huonekana ikijizungusha na kuruka. Mlio wa ubavuni ni wa ule ukanda mrefu wa nje ya paja kuruka juu ya nundu. Mgonjwa ndiye atoe ule mlio anaoujua, probu imngojee.

Wachezaji wa mpira wenye maumivu ya kinena wengi huumia kwenye kano ya msuli wa ndani ya paja uitwao adakta longasi, pale inaposhika mfupa wa kinena. Wataalamu waliokutana Doha mwaka 2014 waliyagawa maumivu ya kinena ya wanamichezo kufuatana na chanzo: adakta, iliopsoasi, mfereji wa kinena, mfupa wa kinena, na nyonga yenyewe. Ugawaji huo unategemea mikono ya daktari, kubonyeza na kumkaza mchezaji dhidi ya mkono wake. Picha inafuata nyuma, kwa sababu wachezaji wasioumwa kabisa nao hukutwa na kano zenye kasoro. Mchaniko mpya wenye damu huonekana vizuri.

Kiungo chenyewe, na mtoto anayechechemea

Swali ambalo altrasaundi inalijibu vizuri kuliko eksirei ni moja: je, kiungo kina maji? Mguu umenyooshwa, probu inawekwa mbele kwa mshazari, sambamba na shingo ya fupa la paja. Mfupa unaonekana kama mstari mweupe: kwanza kilima cha kichwa, kisha bonde la shingo. Maji hukusanyika kwenye bonde hilo na kuusukuma ukuta wa kifuko cha kiungo utune kwa mbele. Kwa mtu mzima, umbali kutoka mfupa hadi ukuta huo ukizidi milimita 7, au ukiuzidi wa upande wa pili kwa milimita 1 au zaidi, huhesabiwa kuwa kuna maji au utando uliovimba. Kwa mtoto, tofauti ya milimita 2 kati ya pande mbili ina maana. Pande zote mbili zipimwe miguu ikiwa katika mkao uleule. Mguu mmoja ukizungushwa tu, vipimo havilinganishiki tena.

Kwa mtoto aliyeamka anachechemea au amegoma kukanyaga, hakuna kipimo tunachokithamini zaidi ya hiki. Hakuna sindano, hakuna dawa ya usingizi, anaweza kupimwa mapajani mwa mama yake. Ila kila mzazi alijue hili: altrasaundi inaona maji, haiwezi kuapa kuwa si usaha. Maji ya mpito yanayofuata mafua ya kawaida na usaha unaoila gegedu ya nyonga, ile tabaka laini inayofunika ncha za mifupa, vinaweza kuonekana sawasawa kwenye kioo. Kinachotenganisha ni hali ya mtoto na damu. Vigezo vya Kocher vya mwaka 1999 ni vinne: homa juu ya nyuzi 38.5, kushindwa kukanyaga, ESR (kasi ya chembe nyekundu za damu kutuama, dalili ya uvimbe mwilini) juu ya 40, na chembe nyeupe za damu juu ya 12,000. Vikijumuika kadhaa, kiungo kitobolewe kwa sindano na maji yakapimwe, bila kusubiri kesho. Na pasipo maji kabisa wakati mtoto ana homa na paja linauma, msuli na mfupa ulio karibu viangaliwe kwa jipu.

Mtoto anayelalamika goti huku goti likiwa zima apimwe nyonga. Maji yakikosekana, eksirei ifuate, mkao wa kawaida na wa chura, kwa ajili ya ugonjwa wa Perthes (kichwa cha fupa la paja kukosa damu utotoni) na, kwa walio katika umri wa kubalehe, kichwa cha fupa la paja kilichoteleza. Hayo mawili altrasaundi isiachiwe iyaamue.

Kwa wachanga, kipimo cha nyonga iliyolegea kwa njia ya Graf hufaa zaidi katika miezi ya mwanzo, kabla mfupa haujaficha kinachotafutwa. Pembe ya alfa, inayopima mteremko wa paa la tundu la nyonga, ikiwa digrii 60 au zaidi ni salama. Aliyezaliwa kwa matako au mwenye ndugu aliyekuwa na tatizo hilo apelekwe. Na kumbeba mtoto mgongoni miguu ikikumbatia kiuno cha mama ni mkao mzuri kwa nyonga. Kumfunga miguu imenyooshwa na kubanwa pamoja si mzuri.

Nyota moja

Wimbi la sauti haliingii ndani ya mfupa. Hapo ndipo watu wanapoteza hela.

Mwenye selimundu anayeumwa kinena asiridhike na altrasaundi iliyo safi. Kichwa cha fupa la paja hukosa damu na kufa kikiwa bado na umbo lake, na wakati huo hata eksirei inaweza kuonekana safi. MRI ndiyo inayoona mapema. Mtu aliyetumia steroidi kwa muda mrefu yumo kwenye hatari hiyohiyo. Kila mwezi unaopita akitembelea kichwa hicho unaongeza uwezekano wa kuporomoka, na kwa kijana wa miaka 20 hiyo ni hasara kubwa mno kuachwa itokee kwa kuwa karatasi ilisema "kawaida".

Mzee aliyeanguka na kushindwa kusimama ni wa eksirei, na eksirei isipoonyesha ufa huku maumivu yanaendelea, ni wa MRI au CT, eksirei ya kompyuta inayopiga tabaka kwa tabaka. Kusagika kwa kiungo kwa umri ni eksirei ya kusimama. Ukingo wa gegedu unaozunguka tundu la nyonga, labramu, altrasaundi inaona kipande cha mbele tu. Kusema "labramu haina mchaniko" kwa picha hiyo ni kuahidi kisichoonekana.

Sindano kwa kuongozwa na picha

Hapa huduma inarudi juu. Kuchoma kiungo cha nyonga kwa kukisia ni hatari, kwa sababu ateri, vena na neva ya paja vinapita sentimita chache upande wa ndani. Kwa altrasaundi, sindano ndefu huingizwa kutoka upande wa chini na wa nje, ikionekana yote kwenye kioo, hadi pale kichwa cha mfupa kinapokutana na shingo. Dawa ikiingia sawasawa, kifuko cha kiungo kinainuka taratibu. Ikivimba juu ya kifuko, ndani ya msuli, sindano haijafika.

Kabla ya kuchomwa, taja kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, una kisukari, au una kidonda au jipu popote mwilini. Steroidi hupandisha sukari kwa siku kadhaa. Jeli iwe ya pakiti isiyo na vimelea, si ile ya chupa ya kila siku. Na kama upo kwenye mpango wa kuwekewa nyonga ya bandia, mwambie anayechoma: steroidi kiungoni ndani ya miezi 3 kabla ya upasuaji huongeza hatari ya maambukizi.

Sindano hiyo pia ni kipimo. Dawa ya ganzi inayochanganywa humo huanza kazi ndani ya dakika chache, kwa hiyo usiende kulala. Fanya yale yaliyokuwa yanakuumiza: panda ngazi, chuchumaa, vaa soksi, na uandike maumivu kwa namba 0 hadi 10 kabla ya kuchomwa, baada ya nusu saa, na kila saa hadi jioni. Maumivu yakishuka sana saa za mwanzo, hata kama yatarudi usiku ganzi ikiisha, chanzo ni kiungo. Yasiposhuka kabisa na picha ilionyesha dawa imeingia, daktari akatafute kwingine. Ukipata homa, au kiungo kikauma zaidi na zaidi kuanzia siku ya pili, rudi hospitali siku hiyo na karatasi inayoonyesha ulichomwa nini, wapi na lini.